Hekta 250 na kauli ya kijiji

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania, Na. 5 ya 1999, ina tarakimu ambayo kila mwanakijiji angefaa aijue kwa kichwa: hekta 250. Serikali ikitaka kuhawilisha sehemu ya ardhi ya kijiji iwe ardhi ya jumla, tuseme apewe mwekezaji, eneo likiwa chini ya kiwango hicho Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi, mkutano unatoa mapendekezo tu. Mwenye kuamua ni Waziri.

Yaani ardhi inayoombwa ikikua, kauli ya wenyeji inasinyaa. Waliotunga sheria walikuwa na hoja: shamba la maelfu ya hekta hugusa mto unaonywesha vijiji vingine, njia za mifugo, hata mipango ya taifa, na kijiji kimoja hakiyaoni yote hayo. Naikubali hoja hiyo nusu. Waziri aongezwe kwenye uamuzi, sawa, lakini mkutano unaondolewa kwa nini?

Tuipime tarakimu yenyewe. Hekta 250 ni takriban ekari 618; kwa kaya zinazolima ekari mbili mbili, hapo wanaishi watu wa kaya mia tatu. Kwenye vihamba vya Kilimanjaro, ukikata eneo hilo umekivunja kijiji. Kiteto, kwenye nyanda za malisho, huenda usilione kwenye ramani. Ndiyo maana ukomo wa hekta peke yake haunitoshi. Ningeuambatanisha na asilimia ya ardhi ya kijiji chenyewe.

Uskoti, ambako mashamba makubwa ya watu binafsi ni kidonda cha karne nyingi, wamelijaribu wazo hilo. Muswada wao wa ardhi wa 2024 ulianza na ukomo wa hekta 3,000, lakini kwa visiwa vinavyokaliwa ukashuka hadi 1,000 endapo eneo la mmiliki linazidi robo ya kisiwa. Baada ya mabishano bungeni, hata ukomo wa kawaida ulishushwa hadi 1,000, na muswada ukapitishwa Novemba 2025. Kule anayevuka ukomo anabebeshwa wajibu: aandae mpango wa matumizi ya ardhi na awashirikishe majirani. Huku kwetu wanaopoteza ni majirani.

Kuna na ujanja, maana ukomo wowote huzaa vipande vilivyokatwa chini yake kidogo. Dawa ni kujumlisha kwa mwombaji, pamoja na kampuni zake tanzu, badala ya kuhesabu kijiji kimoja kimoja. Kisarawe, kampuni ya Sun Biofuels ilipata zaidi ya hekta 8,000 za kulima mibono, zilizokusanywa kutoka vijiji 11. Hakuna mkutano hata mmoja wa vijiji hivyo uliokuwa na nafasi ya kupiga kura juu ya shamba zima. Mradi ulipokwama mwaka 2011, ardhi ilikuwa imeshatoka mikononi mwa vijiji, na kufeli kwa mradi hakuirudishi yenyewe.

Asilimia, hata hivyo, haihesabiki kwa kijiji ambacho mipaka yake haijapimwa. Kwa hiyo kabla ya kubishana kama ukomo uwe 250 au 100, fedha ziende kwanza kwa wapima ardhi, na kila halmashauri ya kijiji ishike cheti cha ardhi ya kijiji.