Kukatika kwa gemu kwa sababu ya kadi ya michoro

Kukatika kwa gemu kwa sababu ya kadi ya michoro ni hali ambapo mchezo wa kompyuta hujifunga ghafla, huganda au huzima kompyuta nzima kwa kuwa sehemu inayochora picha imeshindwa kazi. Sehemu hiyo ni kadi ya michoro pamoja na draiva yake, yaani programu inayouwezesha mfumo endeshi kuitumia kadi. Chanzo kinaweza kuwa draiva, joto, umeme, kumbukumbu ya kadi au gemu yenyewe. Kadi mpya ndiyo tiba iliyo ghali zaidi, hivyo inafaa iwe ya mwisho kufikiriwa, ingawa wengi huanza nayo.

Dalili

Namna gemu inavyokatika huonyesha pa kuanzia. Ikiwa gemu peke yake hujifunga na kompyuta ikabaki inafanya kazi, shaka ya kwanza ni draiva, mafaili ya gemu yaliyoharibika au kumbukumbu ya kadi iliyojaa. Ikiwa skrini huwa nyeusi kwa muda mfupi kisha picha ikarudi, Windows imeianzisha upya draiva: tangu toleo la Vista, mfumo huo huisubiri kadi kwa sekunde 2, na isipojibu huirudisha mwanzo. Tukio hilo huandikwa kwenye Event Viewer kwa namba 4101. Kadi ikishindwa kurudi, hutokea skrini ya buluu yenye maneno VIDEO_TDR_FAILURE.

Kompyuta nzima ikizimika au kujiwasha upya bila ujumbe wowote, kwa kawaida tatizo ni umeme au joto. Kubadilisha draiva hapo ni kupoteza bando.

Umeme, hewa na vumbi: mfano wa Sumbawanga

Mazingira ya mahali huongeza au kupunguza matatizo haya. Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, uko juu ya uwanda wa Ufipa, takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya kimo hicho ni nyepesi kwa takriban asilimia 16 kuliko ya Dar es Salaam. Feni ikizunguka kwa kasi ileile husukuma hewa ya ujazo uleule, lakini yenye uzito mdogo, hivyo hubeba joto kidogo. Baridi ya Juni na Julai hufidia upungufu huo, na anayecheza usiku wa miezi hiyo huenda asiuone kabisa.

Vumbi halifidiwi na kitu. Kiangazi cha Ufipa ni kirefu, na vumbi lake laini huziba mapezi ya chuma yanayopoza kadi. Kusafisha hufanyika nje ya nyumba, waya wa umeme ukiwa umechomolewa, kwa brashi laini na kipulizi. Feni ishikwe kwa kidole isizunguke, kwa maana kuizungusha kwa upepo mkali huharibu beringi zake.

Kuhusu umeme, mji huo kwa miaka mingi ulitegemea umeme kutoka Zambia kupitia Mbala pamoja na jenereta za dizeli, kwa kuwa mkoa haukuwa umeunganishwa na gridi ya Taifa. Popote palipo mwisho wa laini ndefu, volti hushuka watu wengi wanapotumia umeme kwa pamoja. Ikiwa kompyuta huzimika saa za jioni tu, ijaribiwe gemu ileile alfajiri kabla ya kufungua kasha. Stabilaiza husaidia volti zinazopanda na kushuka; UPS husaidia umeme unaokatika.

Kuna pia umeme wa ndani ya kasha. Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa nchini ni zilizotumika maofisini, zenye pawasaplai ndogo isiyokusudiwa kadi ya gemu. Tundu la kadi kwenye ubao mkuu hutoa wati 75 tu. Waya wa pini 6 huongeza wati 75, na wa pini 8 wati 150. Kadi inayohitaji waya hizo isipewe adapta ya kuunga-unga.

Uchunguzi

Jambo moja tu libadilishwe kwa wakati mmoja, vinginevyo haitajulikana lililosaidia. Kwanza gemu iwekewe kikomo cha picha 60 kwa sekunde na ubora wa michoro upunguzwe. Ikitulia, tatizo ni joto, umeme au kumbukumbu ya kadi.

Draiva mpya ipakuliwe kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kadi, baada ya kuiondoa ya zamani. Kwa kuwa faili lake ni megabaiti mia kadhaa, amri ya dxdiag itumike kwanza kuona toleo lililopo. Kadi za zamani zina kikwazo kingine: mwaka 2021 Nvidia iliacha kutoa draiva za gemu mpya kwa kadi nyingi za familia ya Kepler, mojawapo ikiwa GTX 680 ya mwaka 2012. Gemu mpya ikikatika kwenye kadi hiyo, huenda kadi haina ubovu wowote.

Mwisho, kadi ihamishiwe kwenye kompyuta nyingine yenye pawasaplai ya kutosha. Ikikatika huko pia, kadi ndiyo mbovu. Isipokatika, fundi aikague pawasaplai ya kompyuta ya kwanza.