Kamera Moja, Mikono Minne

Tulifika Kilele cha Uhuru saa moja asubuhi, mimi na mume wangu, Januari 2024. Mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na ndoa ina miezi minne tu. Unajua tuna picha ngapi za pamoja pale juu? Hakuna hata moja.

Simu zilizimika kwa baridi tangu Gilman's Point. Tukabaki na kamera ndogo ya dijitali niliyoazima kwa dada yangu, ile ya rangi ya fedha, nyembamba kama pakiti ya karata. Mjini Moshi niliisifia sana, maana inaingia hata kwenye pochi ya kwendea harusini. Kumbe wembamba ule ndio uliotuponza. Kitufe cha kuwashia kimekaa ubavuni mwa kitufe cha kupigia, vyote saizi ya punje ya mahindi. Mwongozaji wetu, na glavu zake nene, akabonyeza. Kamera ikazimika. Nikaiwasha, nikampa tena. Ikazimika. Mara ya tatu lenzi ikatoka nusu, ikakwama, na betri ikaisha nguvu. Mume wangu akasema, "Si nilikwambia tuijaribu nyumbani?" Tukashuka hadi Kibo hatusemeshani.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza anunue kamera gani, simwambii habari za megapikseli. Namwambia avae glavu. Si utani! Kama safari yenu ni ya mlimani, pitieni Memorial mnunue glavu za mtumba, halafu ingieni nazo dukani. Washa, vuta picha karibu, piga, zima. Kisha fumba macho urudie. Kitufe cha kupigia kiwe kikubwa kuliko vyote, na kidole kihisi hatua mbili: ukibonyeza nusu lenzi inalenga, ukimalizia picha inapigwa. Cha kuwashia kiwe mbali nacho, au kizame kidogo. Gurudumu la kuchagulia aina ya picha liwe gumu kiasi, lisijizungushe lenyewe mfukoni.

Watengenezaji walilijua tatizo hili zamani. Mwaka 2008 Olympus walitoa kamera ndogo, 1050 SW, ambayo ukivaa glavu unaigonga tu ubavuni au mgongoni nayo inatii. Kamera za Canon PowerShot za mfululizo wa A, zile tulizozicheka kwa unene, zilinenepa upande wa kulia kwa sababu betri za AA zilikaa humo, na hapo ndipo vidole vinaposhika vizuri. Nyingi zilikuwa pia na kitundu cha kuchungulia, msaada mkubwa jua likipiga kwenye theluji na kioo kisionekane. Siku hizi ipo TG-7 ya OM System, iliyotoka 2023. Inavumilia baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri, na lenzi yake haitoki nje, kwa hiyo vumbi la ule uwanda mkavu kati ya Mawenzi na Kibo halina pa kuingilia. Betri, ya kamera yoyote ile, ilale ndani ya koti karibu na mwili.

Halafu angalieni albamu zenu. Kwenye ndoa nyingi kamera ina mwenyewe, na huyo mwenyewe haonekani kwenye picha. Kwetu nilikuwa mimi, na kusema kweli nilikuwa nanyang'anya.

Desemba 2024 tulikwenda maporomoko ya Materuni na kamera nene ya betri mbili za AA. Mume wangu akaibeba yeye. Akamwomba mama mmoja aliyekuwa anatwanga kahawa atupige, akamwonyesha kitufe kimoja tu. Vichwa vimekatwa kidogo kwa juu, ila tupo wote wawili.