Je, Wajua? Mbwa Wagonjwa Katika Vita vya Saratani ya Mifupa

Je, wajua kwamba saratani ya mifupa iitwayo osteosakoma humpata mbwa karibu vilevile inavyompata binadamu? Kwa wote wawili hushambulia zaidi mifupa mirefu ya miguu na mikono, kisha huua kwa kusambaa hadi kwenye mapafu. Nchini Marekani hugundulika wagonjwa wapatao 1,000 kwa mwaka, karibu nusu yao wakiwa watoto na vijana. Mbwa huzidi 10,000. Kwa hiyo jaribio la dawa ambalo lingesubiri wagonjwa kwa miaka mingi hupata mbwa wa kutosha kwa muda mfupi.

Je, wajua kwamba mbwa hao si wa maabara? Ni mbwa wanaofugwa majumbani na wameugua wenyewe. Mwenye mbwa husaini fomu ya ridhaa, mara nyingi hupunguziwa gharama za matibabu, na anaweza kumtoa mbwa wake kwenye jaribio siku yoyote. Akishatibiwa, mbwa hurudi kwao.

Je, wajua kwamba umbo kubwa ni hatari? Wanaougua zaidi ni mbwa wa aina kama Rottweiler, Great Dane, Irish Wolfhound na Greyhound. Mbwa wadogo huugua kwa nadra.

Je, wajua kwa nini majibu huja mapema? Mbwa aliyekatwa mguu bila tiba nyingine kwa kawaida huishi miezi 4 hadi 5. Akiongezewa tibakemikali, hukaribia mwaka. Dawa mpya ikifaa, tofauti huonekana upesi. Na usimhurumie mno kwa mguu aliopoteza: mbwa wengi hutembea na hata kukimbia vizuri kwa mitatu iliyobaki.

Je, wajua kwamba mbwa wamechangia kuokoa miguu ya watoto? Katika Chuo Kikuu cha Colorado State, daktari wa mifugo Stephen Withrow na wenzake waliboresha upasuaji wa kuondoa uvimbe na kuubakiza mguu. Ujuzi huo uliwafaa pia madaktari wa binadamu.

Je, wajua kuhusu mifamurtide? Dawa hii huiga kipande cha ukuta wa bakteria ili kuamsha kinga ya mwili. Gregory MacEwen wa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliijaribu kwa mbwa waliokatwa mguu. Matokeo ya mwaka 1989 yalionyesha kuwa nusu ya waliopewa dawa waliishi zaidi ya siku 222, ilhali kwa wasiopewa ilikuwa siku 77. Mwaka 2009 Umoja wa Ulaya uliidhinisha itumike kwa watoto na vijana.

Je, wajua kwamba bakteria hai naye amegeuzwa chanjo? Katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Nicola Mason aliwapa mbwa 18 bakteria wa listeria aliyedhoofishwa, ili kinga ya mwili ifunzwe kuzitambua seli za saratani. Matokeo yaliyotoka mwaka 2016 yalitia moyo kiasi kwamba chanjo hiyo ikaingizwa kwenye majaribio ya binadamu.

Je, wajua kwamba jaribio likishindwa nalo lina faida? Zaidi ya mbwa 300 walishiriki katika jaribio la rapamaisini, dawa iliyotokana na udongo wa Kisiwa cha Pasaka. Haikuwaongezea maisha kuliko tiba ya kawaida. Jibu hilo lilipatikana bila kumtwisha mtoto yeyote dawa isiyomsaidia.

Kama una mbwa mkubwa anayechechemea na hapati nafuu, usimpe dawa ya maumivu ya binadamu. Nyingine ni sumu kwake. Mpeleke kwa daktari wa mifugo akapigwe eksirei.