Jante ya aluminium haipendi nguvu: namna ya kubadilisha mpira bila kuharibu gurudumu la koperative



Tumezoea kuwaandikia juu ya kukata matawi, kufunika udongo na kupigana na wadudu wa kahawa. Mara hii tunawaandikia juu ya gurudumu. Msishangae. Kahawa nyekundu ikishachumwa haingoji. Inapaswa kufika kwenye stasioni ya kuoshea na kutolewa ganda siku ile ile. Ikilala ndani ya mfuko inapata joto, inaanza kuchacha, na kazi ya mwaka mzima inapotea kwa usiku mmoja. Basi moto inayobeba kahawa ni sehemu ya ubora wa kahawa, sawa na mikono ya mama anayeichagua.

Tuliona hayo kwa macho yetu msimu uliopita, katika koperative moja kando ya ziwa Kivu. Moto ya koperative ilikuwa inashuka toka kilimani na mifuko miwili. Mpira wa nyuma ukatoboka. Motari akasimama kwa kwado, yule fundi wa mipira wa kando ya njia. Kwado hakuwa na vyombo vya kutolea mpira. Alikuwa na kipande cha feri ya kujengea na nyundo. Alifanya kazi haraka, akaziba tundu, akapata franga zake. Lakini upepo haukukaa. Motari akapiga pompi, akatembea kidogo, akapiga tena. Alifika stasioni asubuhi ya kesho yake. Ile kahawa ilikuwa imeanza kunuka. Ikawekwa pembeni, na wenyewe wakalipwa bei ya chini.

Tulipoosha gurudumu tuliona sababu. Mdomo wa jante ulikuwa na jeraha la chuma, na pembeni yake ufa mwembamba kama unywele. Mpira wa moto ile hauna shambre. Jante yenyewe ndiyo inafunga upepo. Barabara haikuvunja jante ile, hata mawe hayakuivunja. Iliharibika pale ilipokuwa imelala chini, mikononi mwa fundi.

Aluminium si chuma

Zamani moto karibu zote zilikuwa na jante ya chuma yenye spoki. Sasa nyingi zinazoingia zina jante ya aluminium iliyomiminwa kipande kimoja, yenye mikono mitano au sita minene. Kamionete nyingi pia ziko hivyo. Jante ile haishiki kutu nyekundu, haidai kukaza spoki kila wakati, na inaweza kufunga upepo bila shambre.

Lakini tabia yake ni nyingine. Chuma kikipigwa kinapinda, na fundi anaweza kukirudisha kwa nyundo. Aluminium ya kumimina inapinda kidogo tu, kiisha inapasuka. Tena ni laini kuliko chuma: feri ikisugua juu yake, feri haipati kitu, jante inapata jeraha. Jeraha dogo mahali mpira unapokaa linatosha kupitisha upepo polepole. Na kwa mpira wenye shambre, jeraha lenye meno linakata shambre mpya.

Siri iko katika bonde

Hili ndilo jambo tunalotaka kila mmoja alishike, hata kama atasahau mengine yote.

Mdomo wa mpira una nyaya za chuma ndani yake. Hauvutiki. Na mdomo wa jante ni mpana kuliko mdomo wa mpira, karibu sentimita 3 ukipima toka upande huu hadi upande ule. Basi mpira unapita namna gani? Angalieni jante isiyo na mpira: katikati yake, kuzunguka pote, kuna bonde. Watengenezaji hawakuliweka kwa urembo. Ukisukuma mdomo wa mpira uingie katika bonde upande mmoja, unapata nafasi upande wa pili, na hapo mpira unavuka bila kupigana.

Fundi asiyejua bonde anavuta upande mmoja huku upande mwingine umekaa juu, mahali pake pa kawaida. Mpira unakataa. Anaongeza nguvu, anatafuta chuma kirefu zaidi, anaita mtu wa pili. Kumbe nguvu yote ile inaanguka juu ya mdomo wa jante. Ndiyo sababu tunasema: ukiona kazi inadai nguvu nyingi, simama. Si mpira mgumu. Upande wa pili umetoka katika bonde.

Vyombo vya kuweka depo

Havidai pesa nyingi, na vingine viko nyumbani tayari:

- Vyuma vitatu vya kutolea mpira, vyenye ncha pana iliyo laini na ya mviringo. Si bisibisi, si feri ya kujengea, si ncha ya jembe.
- Vipande vinne vya plastiki, virefu kama kiganja, vilivyokatwa kwenye bidon ya zamani. Vinakunjwa juu ya mdomo wa jante, chini ya chuma. Kama hakuna bidon, kata vipande vya shambre iliyokufa.
- Mpira wa zamani wa gari wa kulazia gurudumu.
- Maji ya sabuni na kitambaa.
- Chombo kidogo cha kufungulia valve, na kipimo cha upepo.

Juu ya sabuni: chukueni sabuni laini ya kuogea. Sabuni ya kienyeji yenye soda kali nyingi, au maji ya majivu, inakula aluminium. Mafuta ya moto na mazutu nayo hayafai, juu yanaharibu mpira na kuufanya uteleze ndani ya jante.

Hatua kwa hatua

1. Kabla ya kuanza, osheni jante na muiangalie pamoja na fundi. Kama kuna jeraha la zamani, aonyeshwe.

2. Lazeni gurudumu juu ya mpira wa zamani, si juu ya mawe wala sementi. Kama lina diski ya freni, fanyeni kazi upande usio na diski, na diski iningʼinie ndani ya tundu la ule mpira bila kugusa kitu. Diski iliyopinda nayo ni hasara.

3. Fungueni valve na mtoe upepo wote. Kama kuna shambre, toeni pia nati ya valve.

4. Bandueni mpira kwenye jante pande zote mbili. Pakeni maji ya sabuni, kisha mkanyage mpira, si jante. Ukikatala, wekeni ubao mpana juu ya mpira karibu na jante, bila kuigusa, na mtu asimame juu ya ubao. Nyundo ibaki ndani ya sanduku.

5. Anzeni kutoa karibu na valve. Mtu apige magoti juu ya mpira upande unaoelekeana na valve, ili mdomo ushuke katika bonde. Kunjeni plastiki juu ya jante, ingizeni chuma, inueni. Kila mara chukueni sehemu ndogo, upana wa vidole vitatu. Chuma kisiingie ndani sana, kitabana shambre.

6. Upande wa kwanza ukitoka, toeni shambre, kisha upande wa pili kwa njia ile ile.

7. Sasa jante iko wazi, msikimbie. Futeni udongo na ule unga mweupe unaoonekana mahali mpira unakaa. Ule unga ni aluminium inayolika. Tumieni kitambaa na burashi ya plastiki. Burashi ya waya inaongeza majeraha. Pitisheni ukucha kuzunguka mdomo na chini ya kila mkono wa jante. Ukucha ukinasa, angalieni vizuri kama ni ufa.

8. Kabla ya kurudisha mpira, angalieni mshale ulioandikwa ubavuni: unaonyesha upande gurudumu linazungukia. Pakeni sabuni. Ingizeni upande wa kwanza. Shambre ipewe upepo kidogo ili isijikunje. Kwa upande wa pili, anzeni mbali na valve na mmalizie kwenye valve. Sehemu ya mwisho ndiyo inajaribu uvumilivu: hapo ndipo jante nyingi zinaumizwa. Rudini upande mlioanzia, msukume mpira tena katika bonde kwa magoti, pakeni sabuni, kisha mmalizie kidogo kidogo.

9. Pigeni upepo mkiangalia ule mstari mwembamba ulio kwenye mpira karibu na jante. Unapaswa kuwa umbali sawa kuzunguka pote. Kama sehemu moja imezama, msizidishe upepo kupita bar 2.8. Toeni upepo, pakeni sabuni tena, muanze upya. Mkimaliza, rudini kwenye kipimo kilichoandikwa kwa moto yenu.

Mambo matatu tunayokataa

*Kuunganisha ufa kwa moto.* Sudeur wa kijiji anaweza kufunika ufa mpaka usionekane tena. Lakini joto linapunguza nguvu ya aluminium pembeni ya pale alipounganisha, na jante inaweza kuvunjika siku ya mzigo, kwenye mteremko. Jante yenye ufa haibebi mtu tena.

*Kunyoosha kwa nyundo.* Ulichofanyia jante ya chuma miaka kumi, usikifanye hapa. Kila pigo linaweza kuzaa ufa usioonekana.

*Kumwaga esansi ndani ya mpira na kuwasha kibiriti ili ukae.* Tumewaona vijana wanaocheza hivyo. Mpira unaweza kulipuka usoni mwa mtu, na ule moto unaumiza mpira.

Kwa wenye kamionete

Karanga za gurudumu zilegezwe kidogo gari likiwa bado chini, kisha ndipo liinuliwe. Wakati wa kurudisha, zianze kwa mkono, halafu zikazwe kwa msalaba: moja, kisha ile inayoielekea, si kwa kuzunguka. Msipake mafuta kwenye nyuzi zake. Jante mpya ya aluminium inapokaa mahali pa jante ya chuma, hakikisheni karanga ni za aina yake, juu karanga isiyokaa vizuri inakula tundu. Baada ya kilometa 50 hivi, simameni mkaze tena.

Gareji ya mjini yenye mashine nayo iangaliwe. Meno ya mashine ni chuma. Ulizeni kabla: «Plastiki za meno ziko?» Kama hazipo, fundi aweke vipande vya shambre.

Nani analipa?

Katika koperative ile, ugomvi haukuwa juu ya jante peke yake. Motari alisema kwado ndiye aliyeharibu. Kwado alisema jante ilikuja hivyo. Ba mama wenye kahawa waliuliza kwa nini wao ndio wapoteze. Hakuna aliyeweza kuonyesha kitu, juu hakuna aliyeangalia gurudumu kabla ya kazi. Mwishowe koperative ililipa jante, na wale ba mama walibaki na bei ya chini. Sisi tulikuwa tumepita msimu mzima tukiwafundisha kuchuma nyekundu tupu. Walichuma nyekundu tupu. Haikuwasaidia siku ile.

Kiisha komite ikakata maneno mawili. La kwanza: sanduku la vyombo linakaa depo, na siku za kubeba kahawa linasafiri na moto. Kwado yeyote atafanya kazi kwa vyombo vile, hata awe fundi mkubwa namna gani. La pili: jante inaangaliwa na watu wawili, motari na fundi, kabla na baada ya kazi, na motari anaandika neno moja ndani ya kaye ya moto: nzima, au ina jeraha, na mahali gani. Kazi ya dakika mbili. Kwado mwenyewe alifurahi, juu sasa hawezi kusingiziwa jeraha asilolifanya, na anasema vile vyuma vitatu vinamrahisishia kazi.

Tunawaomba katika mkutano wenu ujao muweke jambo hili katika majadiliano. Leteni gurudumu moja katikati ya watu, muonyeshane bonde liko wapi. Motari ajue, kwado ajue, na mwenye kahawa ajue pia, ili siku akipita njiani na kuona mtu anapigana na mpira wa moto ya koperative kwa feri na nyundo, aweze kusema: «Ndugu yangu, simama kwanza. Angalia upande wa pili.»