Sura ya Tatu: Mizizi Inataka Hewa

Zamisha mizizi yote ya mmea wa mboga ndani ya maji yaliyotuama, na baada ya siku chache mmea huo utaanza kufa. Jambo hili lifahamike kabla hujanunua ndoo wala mbolea, maana wengi wanaosikia habari za kilimo kisichotumia udongo hudhani kazi nzima ni kutafuta maji. Maji hupatikana. Kinachosumbua ni hewa. Mzizi hupumua usiku na mchana: huchukua oksijeni, huunguza sukari iliyoshuka kutoka majanini, na nguvu inayopatikana ndiyo inayouwezesha kuvuta madini. Udongo mzuri umejaa vitundu vyenye hewa. Mvua ikituama shambani, mahindi hugeuka manjano ilhali mbolea bado ipo chini yake, kwa sababu mizizi imekosa pumzi.

Kwamba mmea unaweza kuishi bila udongo ni habari ya zamani. Nchini Ujerumani, kwenye miaka ya 1860, Julius von Sachs na Wilhelm Knop waliotesha mimea katika mitungi ya maji yaliyotiwa chumvi chache tu: naitreti ya kalsiamu, naitreti ya potasiamu, fosfeti ya potasiamu, salfeti ya magnesiamu na chumvi ya chuma. Kwa miongo mingi ujuzi huo ulibaki maabara. Aliyeutoa nje ni William Gericke wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1920 alianza kulima mazao kwenye matangi ya maji. Nyanya zake zilirefuka hata zikachumwa kwa ngazi. Magazeti yakasisimka. Mwaka 1938 Dennis Hoagland na Daniel Arnon, wa chuo hichohicho, walitoa matokeo ya uchunguzi wao: mmea ulio majini hauzidi mavuno ya mmea ulio kwenye udongo mzuri, ikipewa mwanga na matunzo yaleyale.

Nawaomba wasomaji waliheshimu jibu hilo. Mwenye shamba la udongo mweusi wenye rutuba nyuma ya nyumba hahitaji sura hii. Anayeihitaji ni yule ambaye uani kwake kuna saruji tupu, au mchanga mtupu, au jiwe la matumbawe lisiloingia jembe, kama ilivyo katika nyumba nyingi za pwani. Yeye ana jua na ndoo, na vinamtosha.

Njia ninayoipendekeza haina pampu wala umeme. Ilifafanuliwa na Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii, na uzuri wake ni kwamba tatizo la hewa linatatuliwa na mmea wenyewe. Chukua ndoo ya lita 20 yenye mfuniko unaobana. Toboa kwenye mfuniko matundu matatu yanayoshika vikombe vya mtindi, navyo vikombe uvitoboe chini na ubavuni. Jaza usumba ndani ya vikombe, panda miche ya letusi, kisha tia maji yenye virutubisho mpaka yaguse sentimita moja ya chini ya kikombe. Funika. Mche unakunywa, maji yanashuka, na baina ya maji na mfuniko nafasi inafunguka. Mizizi iliyoachwa juu ya maji huota vinywele vingi vyeupe na kugeuka mizizi ya kuvutia hewa yenye unyevu. Ile ya chini inaendelea kuyafuata maji. Mmea mmoja sasa una mizizi ya kazi mbili.

Hapo ndipo wenye huruma huiua bustani yao. Wanaona maji yamepungua nusu, wanajaza mpaka juu. Mizizi ya hewa, ambayo haikuumbika kuishi majini, inazama na kuoza. Acha maji yashuke. Letusi moja hutumia kiasi cha lita 4 hadi 6 tangu kupandwa hadi kuvunwa, kwa hiyo ndoo iliyojazwa mara moja inatosha miche mitatu. Jua likizidi na ukalazimika kuongeza, ongeza kidogo, nafasi ya hewa ibaki kubwa kama ilivyokuwa.

Mbolea nayo ina mantiki yake. Kwa lita 20, pima gramu 12 za mbolea ya NPK inayoyeyuka yote majini, yenye potasiamu nyingi na madini madogomadogo kama chuma na zinki. Gramu 6 za salfeti ya magnesiamu, yaani chumvi ya Epsom. Na gramu 12 za naitreti ya kalsiamu. Kila moja iyeyushwe peke yake, na kalsiamu iingie mwisho, ndoo ikiwa imeshajaa. Kalsiamu ikikutana na salfeti katika maji machache hugandamana na kuwa jasi, unga mweupe unaotulia chini ambao mizizi haiwezi kuutumia.

Naulizwa mara nyingi kuhusu urea na samadi, kwa kuwa ni rahisi na zipo karibu. Shambani zinafaa sana, kwa sababu udongo umejaa vijidudu vinavyozigeuza taratibu kuwa naitreti. Ndani ya ndoo hakuna jeshi hilo la kutosha. Urea hubaki ilivyo au hugeuka amonia inayochoma mizizi. Samadi ni mbaya zaidi: bakteria wanaoiozesha hunyonya oksijeni yote iliyomo majini, na ndoo hunuka kabla wiki haijaisha. Tunarudi palepale, kwenye pumzi.

Joto nalo linagusa hewa hiyohiyo. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kushika takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 yanashika kama 7 na nusu tu, na wakati huohuo mizizi iliyopata joto huhitaji oksijeni zaidi. Ukungu wa maji unaoozesha mizizi hupenda hali hiyo. Kwa hiyo ndoo ipakwe rangi nyeusi kwanza, mwanga usipenye na kuotesha mwani, kisha rangi nyeupe juu yake irudishe joto la jua. Ukiweza, ichimbie ardhini mpaka shingoni. Iwekwe inapopata jua la asubuhi na kivuli cha alasiri, la sivyo letusi itatoa maua mapema na majani yatakuwa machungu.

Usumba wa pwani una jambo lake. Makumbi ya nazi hufukiwa miezi mingi kwenye mchanga wa bahari kabla ya kupondwa, hivyo nyuzi zake zimelewa chumvi. Uloweke na kuusuuza katika maji baridi mara kadhaa. Maji ya kisima chenye magadi au chumvi yasitumike kabisa: mmea hunywa maji na kuiacha sodiamu, ambayo inazidi kukolea kadiri ndoo inavyopungua. Maji ya mvua kutoka kwenye bati ndiyo bora.

Pima uchachu kwa karatasi za pH. Unaotakiwa ni baina ya 5.5 na 6.5. Namba ya pH ikipanda kupita hapo, chuma hujifunga, na dalili yake ni majani machanga ya katikati kugeuka manjano huku mishipa ikibaki ya kijani. Manjano yakianzia majani makongwe ya chini, kilichopungua yaelekea ni naitrojeni, kwa kuwa mmea huihamisha kutoka majani ya zamani kulisha mapya. Chuma hakihamishiki hivyo.

Mwisho, mbu. Tundu lolote lililo wazi kwenye mfuniko ni mlango wao wa kutagia mayai, na hakuna saladi inayostahili kuleta dengi nyumbani. Ziba kwa kitambaa cha chandarua kila pengo kando ya vikombe. Ukishavuna, maji yaliyosalia usiyapandie tena, kwa sababu uwiano wa madini umeshavurugika. Yamwage shinani mwa mgomba au mpapai, sugua ndoo kwa sabuni, ianike juani, na uandae miche mingine.