MIKONO NA PUMZI

Mwezi wa Novemba sisi wa Kidato cha Nne tutaingia katika mtihani wa Taifa. Wengi wakigawiwa karatasi, mioyo huenda mbio na waliyoyajua jana huwatoka. Kwa hiyo napenda kueleza zoezi la pumzi la yoga, lililotoka Bara Hindi, na jinsi mikono inavyolisaidia.

Ishara ya mkono katika yoga huitwa mudra, neno la Kisanskriti lenye maana ya muhuri. Jambo hili si geni kwetu. Mwislamu katika sala huinua kidole cha shahada, na Mkristo hukutanisha viganja. Mkono hukumbusha moyo.

Ishara ya kwanza ni nyepesi. Kaa wima, weka mikono magotini, gusanisha ncha za kidole gumba na cha shahada, vingine vitatu vinyoshe bila kuvikaza. Vuta pumzi puani ukihesabu nne, itoe ukihesabu sita. Mawazo yakitangatanga vidole huachana. Vigusanishe tena, urudi kwenye hesabu.

Ya pili hutumia mkono wa kuume. Kunja kidole cha shahada na cha kati. Ziba tundu la pua la kuume kwa gumba, vuta pumzi kwa la kushoto. Kisha ziba la kushoto kwa kidole cha pete, toa kwa la kuume. Vuta kwa hilo hilo la kuume, toa kwa la kushoto. Mara tano zatosha. Mwenye mafua na angoje.

Je, vidole vina nguvu gani? Kazi hasa hufanywa na pumzi: ikitoka polepole, mapigo ya moyo hupungua. Vidole ni kama kigingi cha ng'ombe. Kigingi hakimlishi, bali humzuia asipotee.

Kaka yangu husaga mawe ya dhahabu kwenye karasha huko Geita. Likizo iliyopita aliniuliza, "Mdogo wangu, zoezi hili litaniondolea kikohozi?" Nikamjibu, "La, kaka." Vumbi la mawe lina silika, ambayo hutia mapafu makovu yasiyofutika na kuyafanya yashikwe upesi na kifua kikuu. Hapo hapana budi kulowesha mawe kwa maji, kuvaa barakoa izuiayo vumbi laini, na kwenda hospitali kupimwa.

Shime, wenzangu! Anzeni leo, dakika tano kabla ya kulala, wala msingoje asubuhi ya mtihani.