Mwenyeji wa Tangu Lini?

Ukiwauliza wazee wa Mji wa Kale, Mombasa, wenye mji ni kina nani hasa, jibu halichelewi: Thenashara Taifa. Ni mataifa kumi na mawili ya Waswahili, yaliyogawanyika pande mbili, Tisa Taifa na Thalatha Taifa, na zamani kila upande ulikuwa na tamimu wake wa kuusemea mbele ya watawala. Siku hizi wapo wanaojiita Wamiji.

Sasa yasikilize majina yenyewe. Katika Tisa Taifa wamo Wakilifi na Wamtwapa, na Kilifi na Mtwapa ni miji ya pwani kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa. Wamo Wapate na Wapaza, wenye majina ya miji ya kisiwa cha Pate, safari nzima ya jahazi kutoka Mombasa. Wamo Wabajuni, Washaka, Wakatwa na Wajomvu. Wenye kubeba jina la mji wenyewe ni Wamvita tu, kwa kuwa Mvita ndilo jina la kale la Mombasa. Wengine wengi wamebeba mgongoni anwani ya kule walikotoka. Wenye mji walikuja, kama wengine, ila walitangulia.

Kiswahili hakijawahi kuficha jambo hilo. Neno mwenyeji lina maana mbili zisizoachana: mkaazi wa mahali, na mtu anayempokea mgeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga, na asipokuja mgeni, huyo mwenyeji ni jirani tu kama jirani mwingine. Hata mpirani ni hivyo hivyo. Simba na Yanga zote ni za Dar es Salaam na zimekutana mara nyingi katika Uwanja wa Mkapa, lakini ratiba ya ligi sharti imtaje mmoja kuwa mwenyeji.

Neno mwenye nalo lina historia yake. Mwinyi, cheo cha heshima cha pwani, ni neno hilohilo. Unguja ilikuwa na Mwinyi Mkuu, aliyekuwa na kasri yake Dunga, na jina hilo lilitajwa kwa adabu. Leo mtu akiambiwa Tanzania kwamba ana umwinyi, anaambiwa hapendi kazi na anangoja kuhudumiwa. Neno limeshuka ngazi pamoja na waliolivaa.

Maneno makali zaidi ni ya watu wa chini. Katika pwani ya karne ya 19, mjinga hakuwa mtu asiye na akili. Alikuwa mtumwa aliyeletwa karibuni kutoka bara, asiyejua bado lugha wala desturi za mji. Mtoto wake aliyezaliwa pwani aliitwa mzalia, naye alijiona yuko mbali na wajinga, kwani alikua na Kiswahili mdomoni. Juu yao wote alikaa mwungwana, mtu huru mwenye ukoo wa kutaja. Kati ya mzalia na mzaliwa ipo herufi moja tu, lakini zamani hiyo ndiyo iliyomtenga mtumwa na mwenye nyumba. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, Tanganyika mwaka 1922. Mzalia akasahaulika. Mjinga akabaki, na watoto wa shule hutupiana neno hilo bila kujua kwamba wanamtukana mtu kwa kosa la kufika jana.

Ungwana nao ulisafiri. Misafara ya biashara ilipoingia Manyema, mashariki mwa Kongo, watu wa pwani na wafuasi wao waliitwa Wangwana, na Kiswahili cha huko kikapata jina la Kingwana. Waliokuwa wageni kule wakawa kipimo cha ustaarabu.

Dar es Salaam haina subira ya nasaba. Kabla Sultani Majid hajaanza kujenga huko katika miaka ya 1860, palikuwa na kijiji cha Mzizima, na Washomvi na Wazaramo ndio waliokuwa na neno la kwanza. Sensa ya 2022 ilikuta watu zaidi ya milioni 5.3 katika mkoa huo. Hapo mtoto wa mjini hapimwi kwa babu yake. Anapimwa kwa ujanja, kwa kujua njia za Kariakoo na kutoibiwa kirahisi. Asiyejua ni mshamba, au wa kuja. Anayemwita mwenzake hivyo huenda baba yake mwenyewe alishuka basi na begi moja.

Utani huo una upande wa giza. Agosti 1997, huko Likoni, Mombasa, watu wa bara waliandamwa kwa silaha, wakaamriwa warudi makwao. Zaidi ya 100 waliuawa na maelfu wakayakimbia makazi yao. Wengi walikuwa wameishi pwani miaka mingi, na watoto wao walizaliwa hapo.

Nairobi, ambako vijana hujitapa kuwa wamezaliwa tao, yaani mjini, ina wenyeji wa namna yake. Wanubi wa Kibera ni wajukuu wa askari wenye asili ya Sudan waliolitumikia jeshi la Waingereza, wakapewa mahali pa kukaa katika msitu nje ya mji. Kwao msitu ni kibra. Mji uliwazingira, wapangaji wakajaa, na kwa miongo mingi serikali iliwahesabu kuwa watu wasio na kwao. Hati ya ardhi ya jumuiya, ekari 288, waliipata mwaka 2017. Jimbo la uchaguzi lilikuwa limeshawatangulia: tangu uchaguzi wa 2013 linaandikwa Kibra, kama wao wanavyotamka.